Saa Ishirini na Nne za Bwana Ulinganifu

Ofisini walimwita Bwana Ulinganifu, na usidhani walikuwa wanamsifu. Kazi yake pale wizarani, kwa miaka ishirini na miwili, ilikuwa moja tu: kuiweka sera ya afya ya taifa ubavuni mwa mkakati wa afya wa kanda nzima, na kuhakikisha vyote viwili vinasema jambo moja. Alikuwa na jedwali lake. Kushoto sera yetu, kulia mkakati wao, katikati neno "inalingana". Asipoliona neno hilo, chakula hakimshuki. Mkewe alikuwa akisema mume wake hata soksi huzipima kwanza ndipo azivae.

Sasa mwaka ule kifungu kimoja kikamnyima raha. Sera yetu ilisema nchi ikigundua ugonjwa wa mlipuko iwaarifu majirani ndani ya saa ishirini na nne. Mkakati wa kanda ulisema saa sabini na mbili. Bwana Ulinganifu, mtu wa adabu, akaona mdogo ndiye humfuata mkubwa. Akafuta ishirini na nne, akaandika sabini na mbili, akaenda zake nyumbani roho kwatu. Lo! Kumbe kule sekretarieti ya kanda kuna mwenzake, naye mtu wa adabu vilevile, aliyeisoma sera yetu akaipenda. Naye akafuta sabini na mbili, akaandika ishirini na nne. Simu zipo mezani, hakuna aliyempigia mwenzake! Wakapishana kama watu wawili mlangoni: pita wewe, aa, pita wewe, mwisho wanagongana vichwa.

Hayo yaligundulika Jumatatu, na mawaziri walikuwa watie saini Alhamisi.

"Inalingana au hailingani?" aliuliza Mkurugenzi, mama asiye mkali ila mwenye kikao kila saa.

"Tatizo, bosi, tumelingana wote wawili kwa mpigo."

"Basi andika 'kwa wakati muafaka', huku na huku. Nani atakataa wakati muafaka?"

Kweli, nani? Na fundi wa maneno ya namna hiyo alikuwa Bwana Ulinganifu mwenyewe. "Kadiri itakavyowezekana" ndiyo iliyompandisha cheo. Akaandika, akawatumia kanda barua pepe nao waandike hivyo hivyo, ikalingana. Jioni akampigia mdogo wake wa kike, muuguzi wa zahanati ya mpakani, amsimulie kichekesho.

Mdogo wake hakucheka.

"Kaka, wakati muafaka ni saa ngapi?"

"Aa, hiyo ni lugha ya kisera tu."

"Mwaka jana kipindupindu kilianza ng'ambo ya mto Jumatatu. Sisi tukaambiwa Alhamisi. Jumatano nilikuwa nimeshampoteza mtoto wa mwenye nyumba wangu, nikidhani ni tumbo la kawaida. Wenzetu walikuwa wanajua, Kaka! Ningejua na mimi, ningemtundikia dripu palepale alipoletwa. Mama yake ananisalimia kila asubuhi, sijui nitazame wapi."

Mgonjwa akamwita, akakata simu. Bwana Ulinganifu akashika tama. Aliona haya, haya ya kweli, maana miaka yote hiyo saa zile zilikuwa kwake tarakimu za kujaza safu. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, lakini nadhani hawakuwahi kuuguza kipindupindu.

Kulipokucha akampigia yule mwenzake wa kanda, kwa mara ya kwanza maishani.

"Ndugu yangu, rudisha ishirini na nne, halafu usiguse kitu tena. Mimi ndiye nitakayekufuata."

"Hapana bwana, tusiwasumbue, acha sisi tuwafuate ni..."

"Kaa hapohapo ulipo!" akafoka. Mtu huyu hakuwahi kumfokea hata kuku.

Kisha akaenda kwa Mkurugenzi.

"Nimerudisha saa ishirini na nne, bosi."

"Kwa ruhusa ya nani? Tulishakubaliana."

"Ya mtu yeyote sina. Lakini ule wakati muafaka sitauandikia 'inalingana'. Ukitaka, uandike wewe kwa mkono wako."

Mkurugenzi akavua miwani. Akamuuliza kulikoni, naye akamsimulia habari za yule mtoto, akikwama kila sentensi. Mama yule akachelewa kikao chake, kisha akasema, "Peleka hivyo hivyo." Alhamisi mawaziri wakatia saini bila kusoma, kama ada yao, na safari hii walifanya vyema.

Mvua zilipoanza, simu ikalia saa nne asubuhi, yuko katikati ya jedwali jingine.

"Kaka, ng'ambo wametuarifu sasa hivi. Kwao kimeanza jana jioni, wana wagonjwa sita."

"Na kwako? Kwako wangapi?"

Akasikia ndoo zinaburutwa, na mdogo wake akimwamrisha mtu atandike vitanda upesi.

"Kwangu bado hakuna, Kaka. Mara hii hakuna hata mmoja."