Filamu za Deetje na Gauni Langu la Krismasi

Niseme mapema: mimi sikuzipenda filamu za Deetje, na sababu ni gauni langu. Mume wangu Jootje, mwanamume mzima mwenye kitambi na masharubu, alilivaa gauni langu la Krismasi akaigiza msichana wa shule aliyepata ujauzito. Alipoinama ili alie, mshono wa ubavuni ukaachia. Kijiji kizima kilicheka mpaka kikakohoa. Nimeushona mshono huo mara nyingi, na haujarudi kama ulivyokuwa.

Deetje ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Ni mjane, mpishi wa keki za harusi, na mzee wa kanisa anayewashughulikia vijana wa mtaa wetu, huku chini ya volkano ya Lokon. Mdomo anao. Mlima ukinguruma, sisi twamsikia Deetje kwanza. Anaishi na mjukuu wake Yunike, na huyo ni kinyume chake kabisa, ukimsalimu anaitikia kwa nyusi. Mama wa mtoto, Selfi, yuko Sorong, ng'ambo ya bahari, anauza kwenye duka la watu tangu binti alipokuwa mdogo. Kila Jumapili Selfi hupiga simu, na kila Jumapili simu ikilia Yunike hukumbuka kulisha nguruwe. Nguruwe wa Deetje ndio wanene kuliko wote mtaani, na sasa unajua kwa nini.

"Meiske," Deetje aliniambia siku moja, amekaa jikoni kwangu bila kukaribishwa, "huyu mtoto ana kitu moyoni. Nikimuuliza ananitazama tu. Selfi anakuja Pasaka kwa ajili ya kipaimara chake. Atashuka melini Bitung aje kukumbatia gogo?"

"Muache. Atasema akitaka."

"Wewe watoto wako wote kasuku, utajua nini?"

Ndipo filamu zikaanza. Alidhani akiwaonyesha vijana wote filamu kuhusu mambo mazito, ulevi, mapenzi, kuonewa shuleni, wazazi walio mbali, wakazungumza pamoja, basi na Yunike atafunguka katikati ya wenzake. Mwanzoni alileta filamu za ng'ambo kutoka mjini. Kulikuwa na mvulana mweupe wa meno, amegombana na wazazi, anabamiza mlango wa chumba chake na kujilaza kitandani akilia. Vijana wetu wakamkodolea macho.

"Tante, ana chumba peke yake?" akauliza Refly, kijana mrefu wa nyumba ya bondeni. Kwetu kila mama mtu mzima ni Tante, na kila mwanamume mtu mzima ni Om.

"Ndiyo."

"Sasa analia nini?"

Deetje akaapa kwamba atatengeneza za kwake, kwa simu yake, na watu wetu. Lakini nani aigize? Vijana walikataa katakata, na siwalaumu. Kijijini kwetu jina likikushika halikuachii. Om Wempi aliigiza Yuda kwenye mchezo wa Pasaka kabla mimi sijaolewa, na hadi leo ni Om Yuda, mkewe ni Mama Yuda, na mtu akimkopesha nyundo anaombewa na majirani. Nani basi atakubali kuwa mlevi au mjamzito? Ikabidi sisi wazee tuigize vijana, maana majina yetu yalikwisha haribika zamani. Jootje alijitolea kwa nafasi zote za wasichana. Sitaki kuulizwa zaidi kuhusu hilo.

Deetje yeye alikuwa na nafasi moja tu, ile ile katika kila filamu: Bibi Mwema. Kijana amevurugikiwa, amelia, amepiga ngumi ukutani, halafu anaingia Bibi Mwema na kitambaa kichwani, anampapasa nywele, anataja mstari wa Biblia, na kijana anapona palepale. Daktari gani angeweza?

Jumamosi jioni ibada ya vijana huhama nyumba hadi nyumba, na mwenye nyumba hulisha. Deetje alikuwa akiwasha filamu sebuleni, anaisimamisha pale inapouma, anauliza: "Haya, huyu afanye nini?" Huko nyuma nyama ya nguruwe inachemka na pilipili, harufu inapita chini ya mlango. Na chakula hakiletwi mpaka mazungumzo yaishe.

"Aombe Mungu!" anasema mmoja.

"Atii wazazi!" anasema mwingine.

"Amina!" wanaitikia wote, na macho yao yako jikoni.

Wakinyamaza, Deetje hawezi kuvumilia. Anajijibu mwenyewe, tena kwa kirefu. Yunike pembeni anahesabu mbao za dari.

Nilimwambia, "Deetje, hawa wanajibu kwa tumbo. Na wewe unauliza huku jibu unalo mdomoni." Alininunia wiki nzima, hata keki ya majaribio hakuniletea.

Ikafika sikukuu ya shukrani ya mavuno. Siku hiyo kila nyumba hupika kwa ajili ya yeyote atakayepita, awe ndugu awe mgeni, kwa hiyo Jumamosi ya kuamkia sikukuu hakuna ibada ya sebuleni wala nini. Vijana wote walikuwa jikoni kwa Deetje, nyuma ya nyumba, wakimenya vitunguu, wakitwanga pilipili, wakijaza mchele na tui kwenye mianzi ya kupikia wali, nami nikikaanga ndizi. Deetje, mtu asiyekubali kushindwa, akaegemeza simu kwenye kopo la chumvi.

"Macho kwenye filamu, mikono kwenye vitunguu!"

Ilikuwa filamu mpya. Jootje ndani ya gauni langu, binti ambaye mama yake amekwenda mbali kutafuta kazi. Anagonga mlango, anapiga kelele "Mama! Mama!" kwa sauti nene ya fahali. Anaingia Bibi Mwema. "Shukuru, mwanangu. Mama amekwenda kukutafutia maisha." Jootje anafuta kamasi na kutabasamu. Hata kipofu angejua jiwe hilo lilirushwa kwa nani.

Deetje akaisimamisha. "Haya. Huyu binti ana hasira ya nini?"

Nikasubiri "aombe Mungu" na "amina". Lakini pale kila mtu alikuwa tayari anatoka machozi ya vitunguu, na hakuna aliyeweza kumtazama mwenzake, maana ukiinua macho unajikata kidole. Refly akasema, taratibu tu, kana kwamba anaongea na kitunguu, "Mimi baba akilewa ananiita mwanangu. Asubuhi hanijui."

Deetje akafungua mdomo. Niliuona mstari wa Biblia unakuja! Nikachovya ndizi ya kukaanga kwenye pilipili nikamtia mdomoni, nzima. Alipokuwa bado anapambana nayo, binti mwingine akasema la kwake, na mwingine. Halafu ikasikika sauti ambayo sikuitambua mara moja.

"Hiyo filamu ni ya uongo."

Alikuwa Yunike. Kisu chake hakikusimama.

"Binti hana hasira kwa sababu mama ameondoka. Nusu ya darasa letu mama zao wako mbali. Ana hasira kwa sababu aliambiwa mama amekwenda sokoni Tomohon kumnunulia viatu vya shule, atarudi kabla wali haujaiva. Akakaa kwenye ngazi ya mbele kumngoja. Wali ukaiva. Na wa kesho yake ukaiva. Mama hakumuaga hata kwa neno. Na aliyemwambia habari za viatu ni huyo huyo Bibi Mwema."

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Deetje alimeza ile ndizi. Nilikuwa tayari na nyingine, lakini haikuhitajika. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alinyamaza, na akanyamaza sana, mpaka nikaogopa. Machozi yalimtiririka na hakuwa ameshika kitunguu.

"Selfi alitaka kukuaga," alisema mwishowe. "Alikuwa amesimama mlangoni pa chumba chako na mkoba wake. Mimi nilimkataza. Nilimwambia utalia na yeye atashindwa kuondoka. Nikamtoa kwa mlango wa nyuma, analia. Lile la viatu ni langu. Kosa ni langu mimi, Yunike, si la mama yako."

Hapo kisu kikasimama.

"Alikuwa mlangoni?"

"Alikuwa mlangoni."

Yunike alichukua kitunguu kingine. Lakini kesho yake alasiri, wageni walipokwisha kula na kuondoka, alikuja kwangu kuazima gauni.

"Filamu tunairudia, Tante Meiske. Mimi ndiye napanga."

Alipanga kweli! Jootje akafungwa kitambaa kichwani, ndiye Bibi Mwema, na masharubu yake. Deetje akavishwa gauni langu, mshono wa pili ukaachia, nami sikusema kitu. Akaketishwa kwenye ngazi ya mbele, mtoto anayemngoja mama. Vijana walijaa uani wakicheka. Yunike akainua simu ya bibi yake, akaanza kurekodi.

"Tazama barabarani, Oma."

Deetje akatazama. Kicheko kilikwisha kidogokidogo.

"Bado?" aliuliza Deetje baada ya muda. Miguu ilikuwa inamuuma.

"Bado. Mimi nilikaa mpaka giza."

Deetje akaendelea kukaa. Hakutaja mstari wowote. Alitazama barabara ile tu, na mimi na ulimi wangu wote nilikuwa nimejiziba mdomo kwa aproni.

Ndipo simu ikalia mkononi mwa Yunike. Ilikuwa Jumapili, saa ya Selfi. Sote tuligeuka kutazama banda la nguruwe, na nguruwe wenyewe, waliozoea, wakaanza kupiga kelele.

Yunike aliitazama ile simu. Kisha akaenda kwenye ngazi, akaketi kando ya bibi yake, akaiweka sikioni.

"Mama," alisema. "Wali umeiva."

Nguruwe siku ile walichelewa sana kula.