Jani la Sale la Mzee Elia

Juzi nilibishana kwenye simu na mtu nisiyemjua: je, bingwa wa ngumi wa siku hizi anawafikia wale wa zamani?

Nikakumbuka alasiri moja kule Marangu, pombe ya mbege ikinukia, babu akibishana hayohayo na jirani yetu, Mzee Elia, aliyeishi peke yake.

"Huyu hajawahi kupigwa!" alisema Mzee Elia.

"Hajakutana na mwanaume!" babu akamjibu.

Mzee Elia aliondoka amenuna. Jua lilipopoa akarudi kupitia migombani, kashika jani la sale, lile tunaloombea msamaha. Nilidhani amekubali kwamba bingwa wake si kitu. Sasa najua hakuwa na mwingine wa kubishana naye.

Yule wa kwenye simu amenifungia nisimwandikie tena. Sale zimejaa uani kwangu, ila sijui anakoishi.