Trekta la Kichuguuni

Shemeji yangu Himoonde alikuwa fundi wa maksai kabla hajawa mtumwa wa trekta, na nasema hivyo kwa mapenzi. Huku kwetu Monze hapakuwa na mtu aliyelima mstari ulionyooka kama wake. Alikuwa akiwasemesha maksai wake kwa sauti ya chini, kama anayewapa umbea, nao walikuwa wakimsikiliza kuliko watoto wake walivyomsikiliza.

Kisha ukaja ugonjwa wa kupe. Ng'ombe walivimba matezi, wakakohoa, wakalala, na asubuhi tukawakuta wamekauka. Zizi la Himoonde likabaki na maksai wachache, na nje ya hesabu yake wawili wa mkewe, dada yangu Mama Mainza, ambao walitokana na ng'ombe aliyepewa kama fungu la mama katika mahari, binti yao alipoolewa. Hao dada aliwapa majina mwenyewe: Waseme na Wachoke. Majirani walielewa.

"Tuuze wote kabla hawajafa," Himoonde akamwambia. "Tununue trekta. Chuma hakiumwi na kupe."

"Uza wako," dada akamjibu. "Wangu waache waumwe nikiwaona."

Himoonde akauza wake. Tena akatangaza kanisani, bila kuombwa, kwamba hatashika tena mkia wa ng'ombe mpaka anaingia kaburini. Mchungaji akasema amina, sijui kwa nini.

Trekta lilikuwa kwa Mzee Nchimunya, upande wa Chisekesi. Lilikuwa jekundu, au lilipata kuwa jekundu, la tangu siku za mlowezi aliyemwachia shamba, na lilinizidi umri. Tulikwenda pamoja kuliangalia. Sasa, mjue kwamba Himoonde ni wa ukoo wa tembo na Mzee Nchimunya ni wa ukoo wa mbuzi. Tembo na mbuzi ni watani tangu enzi za mababu. Wanatukanana sokoni, wananyang'anyana kofia, na mmoja akifiwa, mwenzake ndiye anayekuja kugaragara na kuwachekesha waliofiwa. Anayekasirika ndiye anayeaibika. Mimi na dada yangu ni wa ukoo mwingine, kwa hiyo yetu huwa macho tu.

"Karibu, masikio," mzee akampokea. "Umekuja kununua, au kula nyasi za paa langu?"

"Nimekuja kuona kama mbuzi ana kitu cha kuuza zaidi ya ndevu."

Wakacheka, wakapigana mabega, tukapewa chibwantu, togwa yetu ya mahindi. Tulipomaliza kunywa, mzee akaweka mkono juu ya boneti, uso umemkunjamana kama msibani.

"Nikuambie ukweli, bwana. Hii ni maiti. Stata imekufa, na betri ikafa kwa huzuni ya stata. Haliwaki mpaka lishuke mteremko. Ukilizima kwenye tambarare, hapo ndipo kwake."

Himoonde akaangua kicheko.

"Rejeta inavuja. Oili linakunywa kuliko unavyokunywa wewe kwenye harusi za watu. Breki inashika kushoto peke yake, kwa hiyo ukikanyaga kwa nguvu unarudi ulikotoka."

"Mbuzi wewe, utaniua!" Himoonde alikuwa ameshika mbavu, machozi yanamtoka.

"Na likipata joto linajizima. Kwenu kuna mteremko?"

"Kwetu kuna tembo! Tutalisukuma kwa mikonga!"

"Usinunue," mzee akasema taratibu. "Nakusihi."

Nikamvuta shemeji kando. Nikamwambia mbona naona kama mzee anasema kweli. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemwangalia mgeni akila ugali wetu wa nshima kwa uma.

"Wewe huna mbuzi, shemeji, ndiyo maana huelewi. Mbuzi akikiponda kitu chake hivyo, ujue anaona uchungu kukiachia."

Akalipa bila kupunguziwa hata ngwee moja. Mzee akazipokea noti akitikisa kichwa, na Himoonde akaucheka mpaka huo mtikisiko wa kichwa. Tukalisukuma kwenye kijiteremko cha ua wa mzee, likakohoa, likanguruma, na shemeji akaondoka nalo moshi ukimfuata nyuma. Alikuwa amekaa wima kama gavana. Mimi nilirudi kwa baiskeli na nilifika kabla yake.

Kwake ni tambarare tupu. Ukimwaga maji pale, yanasimama kufikiria yaende wapi. Kilima pekee ni kichuguu kikubwa nyuma ya zizi, mahali dada alipopanda maboga. Himoonde akang'oa maboga, akachimba njia, akawa analilaza trekta juu ya kichuguu na kuliteremsha asubuhi ili liwake. Dada aliyatazama maboga yake yakitupwa na hakusema neno. Wanaume wa nyumba ile walipaswa kuogopa hapo hapo.

Mvua ya kwanza iliponyesha, watu walikuja kushuhudia. Trekta likashuka kichuguu, likawaka, likaingia shambani na plau nyuma yake, na kwa kweli lililima. Udongo ulipinduka mweusi, mpana, watoto wakakimbia pembeni wakipiga vigelegele. Himoonde akapunga mkono. Alipofika katikati ya shamba likapata joto, likajizima.

Akasubiri lipoe. Lilipoa, lakini katikati ya shamba hakuna kichuguu. Tukasukuma, wanaume wote tuliokuwepo, matope yakatufika magotini. Kesho yake tukasukuma tena, kwa ahadi ya pombe, na keshokutwa pombe yenyewe haikutosha kutushawishi. Akapeleka betri mjini ikatiwe chaji, ikarudi vilevile. Wakati huo majirani walikuwa wameshapanda. Mahindi yao yalianza kuchungulia, na shamba la shemeji lilikuwa na kipande kimoja kilicholimwa na trekta jekundu lililolala juu yake. Mvua zetu huku hazimsubiri mtu. Ukichelewa, mwaka mzima unakula kwa watu.

Kila mtu alijua dawa, na dawa ilikuwa inatafuna nyasi zizini. Lakini nani amwambie? Mimi nilijaribu, akaniuliza kama nimetumwa na dada yangu, akaninyima salamu siku nzima. Mchungaji alijaribu, akakumbushwa amina yake. Himoonde alikuwa anakonda na kiburi chake, na mimi, nakiri, nililala nikiwa na hofu juu ya wapwa zangu.

Aliyekuja ni Mzee Nchimunya. Habari zilimfikia sokoni. Tulisikia kilio kutoka barabarani, kilio kikubwa cha msiba, dada akatoka jikoni mbio akidhani kuna aliyekufa. Mzee alikuwa amejifunga gunia kiunoni na kujipaka majivu. Akapita katikati yetu moja kwa moja hadi shambani, akajitupa juu ya boneti.

"Mwanangu! Nilimwambia! Nilimwambia tembo kwamba umekufa, akacheka! Akakununua maiti!"

Watu wakavunjika mbavu. Kwa mtu mwingine yeyote Himoonde angeshika fimbo, lakini kwa mtani angefanya nini?

Mzee akashuka, akapangusa majivu machoni, akamkaribia.

"Siku ile nilikuambia kweli tupu. Hayo masikio yote ni ya kujipepea? Haya, nakuambia jingine, ulicheke pia. Nenda jikoni, keti chini, mpigie mkeo makofi ya heshima, umwombe maksai. Kisha nipe kuku wangu wa matanga, niende zangu."

Tukasubiri kicheko cha Himoonde. Safari hii hakucheka. Aligeuka, akatembea hadi jikoni kwa dada, akaketi chini mlangoni, akapiga makofi polepole, mbele yetu sote.

"Mama Mainza, nimekuja kuomba."

"Kuomba nini, Baba Mainza?"

"Waseme na Wachoke."

"Hao si wana kupe?"

"Wana kupe," shemeji akasema. "Mimi nina trekta."

Nilimwona dada akigeuza uso kuelekea moshi wa jiko.

"Nira iko nje tangu mvua ya kwanza," akasema. "Nilikuwa nasubiri uione."

Kwanza ilibidi maksai waliondoe trekta njiani. Tukafunga mnyororo, sisi tukasukuma nyuma, Himoonde akashika usukani. Wakalitoa hadi penye ardhi ngumu karibu na zizi, na hapo, bila haya, likakohoa na kuwaka. Watu wakashangilia. Nikafungua mnyororo upesi, nikamwambia shemeji arudi shambani amalizie nalo.

"Likizima tena nitamwomba nani?" akasema. Akalipandisha kichuguuni, akalizima mwenyewe, akateremka. Akaenda kusimama nyuma ya Waseme na Wachoke, akaanza kuwasemesha kwa sauti ile ya chini. Yeye na dada walivuna kidogo mwaka ule, lakini walikula chao.

Baadaye akataka kuliuza anunue mitamba. Wanunuzi walikuja, akawaeleza kila ubovu, wakaaga bila hata kuketi. Nikamshauri atafute mbuzi. Alinikodolea macho, lakini Jumapili ile ile alimleta kijana mmoja wa Mazabuka, mwenye mshahara na kofia mpya, mbuzi wa baba na mama.

Himoonde akaeleza yote, stata, rejeta, breki, joto. Kijana alicheka hadi akashikilia gurudumu. "Tembo mwongo wewe!" akasema, akachomoa bahasha mfukoni. Nikamkonyeza shemeji apokee.

Himoonde aliitazama ile bahasha. Kisha akatazama jikoni, alikokuwa dada akichambua mboga.

"Irudishe mfukoni kwanza," akamwambia kijana. "Mkeo ana maksai?"