Kipa Aliyekabidhiwa Kopo la Biskuti

Lubbert Wesselink alifundishwa kudaka na matofali. Kwenye tanuri za ukingo wa mto IJssel, huko Uholanzi, mmoja hurusha kutoka mashuani, mwingine hudaka, na anayeangusha hujulishwa na kidole chake cha mguu. Baada ya shule hiyo, mpira wa ngozi ulikuwa laini kama mkate. Akalinda goli la timu ya kijiji enzi zile kipa alipovaa sweta la sufu na kofia, na ng'ombe waliondolewa uwanjani asubuhi ya mechi, ingawa si kila walichokiacha kiliondolewa.

Magoti yalipogoma, akaomba ukocha. Mwenyekiti, Daktari Derk Terhorst, aliamini kwamba kandanda hufundishwa na Waingereza tu. Timu ilishawahi kuwa na mmoja. Aliondoka ghafla na hakuna aliyeambiwa sababu.

"Utashikilia nafasi mpaka nipate Mwingereza mwingine," Daktari alisema. "Ukituaibisha hata mara moja, Lubbert, unarudi kwenye matofali."

Lubbert hakuwa na mke wala mbwa. Alikuwa na uwanja ule.

Kasoro yake ilikuwa moja: hakujua kusimama mahali pengine. Alijibanza kando ya nguzo ya goli, akimsema kipa wake, Harmen, tangu filimbi ya kwanza.

"Sogea kushoto. Siyo kushoto hiyo!"

"Mzee Lubbert, mimi ninayo moja tu."

"Basi itumie!"

Siku walipocheza na kijiji cha ng'ambo, walikuwa mbele kwa goli moja hadi dakika za lala salama. Mshambuliaji wa ng'ambo akaachia shuti. Harmen akaruka, au alikusudia kuruka, lakini mguu ulikuwa umekanyaga kumbukumbu ya ng'ombe. Mpira ukaelekea kona ya wavu. Lubbert akajitosa kutoka pembeni, akaudaka, akaukumbatia kifuani, kisha akatazama huku na huku amtupie nani.

Refa akamjia taratibu.

"Bwana, wewe ni nani katika mechi hii?"

"Kocha."

"Na mpira ulikuwa unakwenda wapi?"

Mtu mwingine angesema nje. Lubbert alilelewa na watu wanaosema kweli hata wasipoulizwa.

"Ndani kabisa. Ungekuwa unatoka, ningejisumbua kwa nini?"

Sheria ilikuwa wazi, na haikumfurahisha mtu: mpira haukuvuka mstari, kwa hiyo hakuna goli. Wale wa ng'ambo walipanda kivuko wakitukana, na sauti juu ya maji husikika mbali.

Kamati ilikutana nyumbani kwa Daktari, Lubbert akiwemo. Mkewe, Bi Aleida, akamimina kahawa, akafungua kopo, kila mtu akachukua biskuti moja, kopo likafungwa.

"Tumeshinda kwa aibu," Daktari alisema. "Kesho namtafuta Mwingereza."

Lubbert aliitazama biskuti yake. Akairudisha kwenye kisahani.

"Mwingereza gani?" Bi Aleida akauliza.

"Yeyote."

"Yule wa kwanza alichukua biskuti ya pili."

"Aleida, hayo yalikwisha."

"Hakukaribishwa. Alifungua kopo mwenyewe, akaingiza mkono. Mkono mzima, Derk!"

Wajumbe wakatazama viatu vyao. Kumbe ndiyo iliyomwondoa.

"Lubbert anakuja hapa miaka yote," Bi Aleida aliendelea. "Moja tu. Na leo hata hiyo moja hajaila."

Daktari, aliyewahi kukata miguu ya watu bila kutetemeka, alilitazama kopo.

"Lakini ile mikono yake..."

"Mikono niachie mimi."

Mechi iliyofuata Lubbert alisimama kando ya nguzo ileile, ameshika kopo la biskuti za mapumziko kwa mikono yote miwili, kwa amri ya Bi Aleida. Misimu yote iliyofuata hakuliangusha. Mpira ulipompita, viwiko vilicheza tu.

"Mzee, umeona nilivyofungwa?" Harmen aliuliza siku moja, akiokota mpira wavuni.

"Nimeona. Kunjua mikono, kijana. Mwenye kopo ni mimi."