Roko Alipobisha Hodi Ibra

Ukitaka kucheka, cheka sasa, maana huko mbele hakuchekeki. Haya sikuhadithiwa, yalinikuta mwenyewe hapa Ibra mwaka ule wa korona, alasiri, jua bado kali.

Mama alikuwa mgonjwa. Hospitali zimejaa, tukamuuguza nyumbani. Kuuguza gani? Nilimfungia chumba cha nyuma, ufunguo nikautia mfukoni, chakula nikikiweka dirishani na kukimbia. Siku tatu hakushikwa mkono na mtu. Niliogopa kufa, nakwambia kweli.

Mara nikasikia "Hodi" mlangoni. Nani anabisha hodi kwa Kiswahili katika mtaa wetu ule wa Waarabu? Nje kasimama mgeni mwembamba, joho limejaa vumbi, anachechemea, pajani ana kidonda kibichi. Pembeni yake mbwa, mkate mdomoni.

"Nimekuja kumtazama mgonjwa."

Mimi niliyelelewa kwamba mgeni haulizwi jina mpaka ale tende anywe kahawa, sikumkaribisha hata kivulini. Nilimwona mbwa tu. Nikamjibu, "Hapa hapana mgonjwa."

Akanitazama kwa huruma, akaenda zake. Mbwa akauacha mkate kizingitini. Nikausukuma kwa fimbo mpaka jaani, nikaosha kizingiti mara saba, moja kwa udongo.

Nikamweleza mama pale dirishani. Akaniambia,

"Mwanangu, huyo Roko."

Mama alisoma kwa masista Unguja, na huko alisikia habari za huyo mtakatifu wao wa kale. Aligawa mali yake kwa maskini, akauguza wenye tauni mpaka ikampata mwenyewe, kidonda pajani. Akajitenga msituni, mbwa akimletea mkate. Aliporudi kwao, ami yake hakumtambua, akamdhania mpelelezi, akamtia jela, na Roko akafia humo. Mpaka leo Wakristo humkumbuka maradhi yanapoingia.

"Jana nilimwomba Mungu aniletee mtu, yeyote," mama akasema. "Umemfukuza. Basi ingia wewe."

Sikuingia.

Asubuhi nikafungua. Amefariki, macho yamefumbwa vizuri, kiti kimesogezwa karibu na kitanda, chembe za mkate kifuani. Ufunguo ulilala mfukoni mwangu. Ndugu zangu wanasema alijikongoja mwenyewe akakisogeza kiti. Na mkate aliutoa wapi, sisi wiki nzima tunakula wali?

Watu hunipa pole kwamba mama alikufa peke yake. Siwasahihishi. Naona haya kusema alikuwa na mtu, na mtu huyo si mimi.

Nawe ukiwa na mgonjwa, ingia umshike mkono. Mimi siku hizi nakaa na wagonjwa wa watu, usiku na mchana, na hakuna hata mmoja anayeniita mwanangu.