Bafu la Ndege la Jirani

Mama alipokuja kunitembelea huku ughaibuni, Roseville, alikuwa ameshastaafu, ila ubibi afya ulikuwa haujamtoka. Ujanani, wakati wa vita, alipangiwa kazi Bukoba. Mji ulijaa askari, naye akipita nyumba hadi nyumba kumwaga maji yaliyotuama, mbu wasizaliane. Anasema watu walimwogopa kuliko ndege za adui. Wengine walificha mitungi uvunguni.

Kwangu alianza ukaguzi na friji. Hakuridhika. Kisha akatoka nje, akaona uani kwa jirani, mzee wa Kizungu anayeishi peke yake, beseni la mawe limejaa maji. Nikamweleza kuwa ni la ndege kuogea. Akaniuliza nani anawaogesha.

Basi, kila nikienda kazini, Mama alivuka kwa jirani akalimwaga na kulisugua. Mzee akijaza, Mama anamwaga. Siku moja mzee alinisimamisha nikishuka garini, akanilalamikia kwamba mtaani kumeingia kulungu mwenye kiu isiyo ya kawaida. Sikujua lolote, nikampa pole.

Mwishowe mzee akapiga simu halmashauri ya mji kumshtaki kulungu huyo. Nilikuwa nyumbani siku afisa wa afya alipokuja, kijana mpole, akamkuta kulungu mwenyewe amevaa kitenge, brashi mkononi. Nikakimbia kwenda kutafsiri. Mama alimpa mkono na kujitambulisha kama afisa mwenzake. Kijana akasema sheria inaruhusu mabeseni yale, mradi maji yabadilishwe mara kwa mara.

"Mwambie viluwiluwi havisomi sheria," Mama akasema.

Kijana akaongeza, kwa adabu, kwamba hairuhusiwi kuingia uani kwa mtu bila ruhusa. Nilipotafsiri hilo, Mama aligeuka kutazama miti.

Mzee alikuwa ameinamia beseni lake. Akasema hajawahi kuliona safi namna ile, akaniuliza kama mama yangu angekubali kuendelea, ila apitie getini.

"Nitakubali," Mama akasema, "lakini mifereji ya paa lake nayo nitaikagua."

Aliikagua majira yote ya joto, mzee akimshikia ngazi, kila mmoja akiongea lugha yake. Karibu na safari ya Mama kurudi nyumbani, mzee alikuja kuomba idhini ya kununua pipa la kukingia maji ya mvua. Mama alimkatalia.