Sarafu Yenye Ufa Mrefu

Mkitaka kusema bibi huyu kazeeka, semeni sasa hivi, kisha mnyamaze nisimulie. Maana haya hayakumpata jirani wa shoga yangu. Yamenipata mimi mwenyewe, hapa hapa Guangzhou, chai nimeshakunywa, akili zangu timamu.

Marehemu mume wangu alikuwa sonara Unguja. Watu wakimletea fedha kuukuu za kuyeyusha, akikuta sarafu ya Marekani ya zamani, haiyeyushi ng'o. Ile yenye mwanamke kaachia nywele, nyota zimemzunguka. Akanifunza na mimi, mtu nisiyekanyaga darasa! "Mke wangu, hizi zilipigwa kwa muhuri wa chuma, na kila muhuri ulichongwa kwa mkono. Nyota za huu haziwi kama nyota za ule." Na muhuri ukichoka unapasuka, ule ufa unatokea kwenye fedha kama unywele. Tulikuwa nazo mbili za muhuri mmoja: moja safi, ya pili ufa umeanza kwenye nyota ukagusa nywele. Ya tatu, ile ambayo ufa umemkata mwanamke uso mzima, kabla muhuri haujavunjika kabisa, mzee wangu kaitafuta mpaka kafa. Kitandani akaniambia, "Ukiiona, usiiache." Basi ningeiachaje?

Siku hiyo tumetoka soko la Liuhua kununua viatu, mimi na Mama Zuhura wa Kariakoo. Nikamwambia napitia soko la vitu vya kale.

"Bibi weye! Wenzio wananunua viatu, wewe unanunua hela zilizokufa?"

"Tangulia na mizigo, na mdomo wako huo."

Saa kumi alasiri, lakini mvua imefunga, giza. Ghorofa ya tatu maduka mengi yashafungwa. Kila laobani, mwenye duka, nikimwonyesha zile mbili zangu ananijibu "meiyou", hakuna. Wengine wananitolea za bandia, nyepesi kama vifuniko vya soda. Mwisho kabisa wa ukumbi nikamkuta mzee wa Kichina kakaa peke yake, hana bidhaa, hana hata kikokotoo cha kuonyeshea bei. Meza tupu, juu yake sarafu moja.

Nikaweka kioo cha sonara jichoni. Yarabi! Nyota zilezile. Ufa umetoka kwenye nyota, ukapita nywele, shavu, kidevu, ukatokea upande wa pili. Nikaidondosha mezani, ikalia mlio mrefu wa fedha halisi. Uso umejaa vialama vidogo vya Kichina, maana zamani matajiri wa huku, kila aliyepokea fedha aliigonga alama yake: nimeikagua, naidhamini.

Nikamwuliza bei kwa vidole.

Akanijibu kwa Kiswahili. Niaminini. Tena si hiki chetu cha sokoni, ni Kiunguja cha zamani, cha bibi yangu mzaa bibi. "Sitaki hela, bi mkubwa. Weka alama yako tu, kama wenzio walivyoweka."

Mtu mwenye akili si angekimbia hapo? Miguu inataka, jicho halitaki. Shingo imenisisimka mpaka utosini.

"Sina alama," nikasema. "Hata jina langu sijui kuliandika."

"Huwa unatia nini kwenye karatasi?"

Sasa mimi maisha yangu yote natia dole gumba. Nikalibandika kwenye sarafu.

Jamani! Ilikuwa baridi, kisha ikaninyonya. Navuta, halitoki. Nikaanza Ayatul Kursi, nusu nikaisoma, nusu ikanitoka. Mzee haniangalii mimi. Anaangalia dole gumba lake mwenyewe, laini kama mgongo wa kijiko, na mbele ya macho yangu michirizi ikaanza kuota, mmoja mmoja, duara ndani ya duara. Akacheka kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Hapo fedha ikaniachia. Nilipoinua uso, kiti kitupu, kimejaa vumbi kama hakijakaliwa mwaka mzima.

Ngazi nilishukaje na ile sarafu mkononi, sijui. Mama Zuhura ananiuliza, "Bibi, umeona jini?" Nikamwambia, "Nimefanya naye biashara."

Tangu siku hiyo dole gumba langu la kulia halina mchirizi hata mmoja. Uwanja wa ndege Baiyun mashine hailisomi. Askari analifuta kwa karatasi, anajaribu tena, wapi! Michirizi yangu yote imo shavuni mwa yule mwanamke. Sarafu hiyo nikampelekea mjuzi mmoja wa fedha za kale. Akasema ni halisi, kisha akanywea: vile vialama vya matajiri wa kale vimepigwa juu ya dole langu. Yaani mimi nilitangulia? Nilitangulia vipi?

Nikizipanga zote tatu, wallahi, roho inacheka. Lakini mwezi uliopita mwanangu kanipigia kutoka Unguja. "Mama, mbona umeuza nyumba bila kutuambia? Kuna mtu kaja na karatasi, ina dole gumba lako." Tumefika mahakamani. Hakimu anataka niende nitie dole mbele yake, walinganishe. Nikatie nini?

Wanangu, kitu ukikipenda, kilipie pesa. Asiyetaka pesa mwachie kitu chake, hata kama marehemu kakuusia.